Kidole Nilichokinyoosha Njia ya Belobaka

Harufu ya langilangi ikichanganyika na harufu ya mavi ya ng'ombe, mtu mwingine ataziba pua. Mimi hutabasamu. Nilizaliwa Andoany, kule kisiwa cha Nosy Be, ambako maua ya langilangi yakichumwa asubuhi mji mzima hunukia kama chumba cha bibi harusi. Nilipokuwa na miaka kumi, bendera ya uhuru ikiwa mpya bado, haijapauka kwa jua, mama alinipakia kwenye meli ya mizigo kwenda Mahajanga, nimpelekee dada yangu Moinaesha chupa ya mafuta ya langilangi ya harusi yake. Mama na wanawake wenzake wangefuata baadaye. Nilisafiri peke yangu siku mbili baharini wala sikulia, na hilo naomba liandikwe. Ila chupa ilivuja. Ilinilowesha shati, na shati lenyewe ndilo hilo moja, kwa hiyo msimu wote ule wa kiangazi nilitembea Mahajanga nikinukia kuliko bibi harusi mwenyewe.

Dada Moinaesha ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, ndiye aliyenifundisha kufunga kikoi. Kwetu sisi Wakomori, harusi ya msichana huwa juu ya mabega ya mjomba wake. Mjomba wetu Abudu, ambaye dada aliishi kwake Mahajanga, alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba atamleta fahali wa pembe ndefu, na fahali wa harusi haletwi garini kama gunia la mchele. Lazima afike mlangoni kwa miguu yake, wanawake wampigie vigelegele, watu wa upande wa bwana waone kwa macho yao. Walikuwa wanakuja asubuhi ya kesho yake, baada ya siku hii ninayoisimulia. Fahali asipofika, Moinaesha angeingia kwenye ndoa akiwa kichekesho cha mtaa, na watu wa Mahajanga wana kumbukumbu ndefu kwa mambo ya namna hiyo.

Ng'ombe wa kuuzwa Mahajanga walitoka mbali bara, mwendo wa majuma mengi kwa miguu, njia moja ndefu nyekundu iliyochimbwa na kwato tangu enzi za mabibi. Sisi tulitembea kipande chake cha mwisho tu, siku moja, kuanzia kijiji alikolala fahali wetu mpaka Belobaka, nje ya mji. Alfajiri lori lilitushusha hapo kijijini, mjomba na mimi, tukamkuta mchungaji Tombo, Msakalava mrefu mwenye shuka begani na mkuki mkononi. Alinusa hewa, akanitazama, akamwambia mjomba kwa Kisakalava, lugha tuliyoisema wote, "Abudu, rafiki yangu, uliniambia harusi kesho. Mbona bwana harusi umeshamleta leo?" Wakacheka mpaka mjomba akakohoa. Mimi nikaliweka moyoni. Nilikuwa mtu wa kuweka kisasi tangu mdogo.

Tukaondoka, fahali mbele, nundu yake ikitikisika, sisi nyuma tukila vumbi. Nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi ikatoa harufu ya jivu, na jua lilipopanda miguu yangu mitupu ilijua kila kokoto kwa jina. Sikuomba kupumzika hata mara moja. Kabla ya adhuhuri tukaona kilima chenye miti mikubwa ambayo hakuna moto uliowahi kuigusa. Tombo akapunguza sauti. "Pale wamelala wakubwa wetu wa zamani. Ukitaka kupaonyesha, kunja kidole hivi, kama ndoana. Ukikinyoosha, kitaoza." Mjomba Abudu, haji wa watu, aliyeswali tano kila siku, akakunja kidole chake bila kubisha. "Serikali imebadilika," Tombo akaongeza, "wale hawajabadilika."

Sasa mimi nilikuwa nimesoma chuoni juzuu mbili na shule ya Wafaransa mwaka mmoja na nusu, nikaona nimewazidi wote wawili akili. Nikabaki nyuma kidogo. Walipogeuka kumfuata fahali nikanyoosha kidole cha shahada kwenye kile kilima, sawasawa kama rula, nikahesabu mpaka kumi. Hakikuoza. Nikakifuta kwenye shati nikaendelea na safari, mwanaume kamili. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Hatukumaliza hata nusu saa, fahali akasimama katikati ya njia, akapiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akalala.

Mjomba alimvuta mkia. Alimpiga kofi la ubavuni, akambembeleza, akamsomea, akamtukana. Fahali alitutazama kama mzee aliyealikwa kwenye mkutano usiomhusu. "Ni manukato ya huyu mtoto," mjomba akasema, jasho likimtoka. "Yamemlevya." Tombo hakucheka safari hii. Aliuchomeka mkuki ardhini akauliza taratibu, "Nani amefanya jambo kule nyuma?" Jua likasogea. Kivuli cha mkuki kikarefuka, na Belobaka ilikuwa bado mbali. Nilikitazama kidole changu nikaona, naapa, kimeanza kuwa cheusi. Ilikuwa vumbi, lakini nani angeniambia? Nilimfikiria Moinaesha amekaa chumbani na hina mikononi, akisikiliza kama kuna kwato nje. Kidole kingeweza kwenda zake. Lakini yeye ningemwambia nini?

"Mjomba," nikasema, "ni mimi."

Nikaeleza yote, mpaka ile hesabu ya kumi. Mkono wa mjomba ulikuwa umeshapanda hewani, Tombo akaudaka. "Mwache. Aliyejitaja hapigwi." Akanigeuza nitazame kilima, akanimiminia maji kidoleni kutoka kibuyu chake, akanikunja kidole kwa mkono wake mgumu kama gome. "Sema jina lako, la baba yako, la mama yako. Kisha sema ulichofanya. Kwa sauti, wale ni wazee." Nikasema. Sauti ilinitetemeka, na hilo silifichi, kwa kuwa mtu aliyefika nilipofika mimi hana haja ya kuficha. Mjomba naye akainua mikono akasoma Fatiha, ili pande zote mbili ziridhike. Tukangoja. Fahali akamaliza kucheua, akainuka bila haraka, akakojoa mkojo mrefu ajabu, akashika njia. Mjomba akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akacheka huku machozi yanamtoka. "Bwana harusi," Tombo akaniambia, "nenda mbele wewe."

Tuliingia Belobaka kabla ya magharibi, na mjini siku ile ile, na vigelegele vya wanawake vilisikika mpaka mtaa wa pili. Moinaesha alichungulia dirishani, akanyoosha mkono wenye hina akanishika kichwa. Hakuwahi kujua. Mpaka leo sijui kama fahali aliinuka kwa kuwa nilisamehewa au alikuwa amechoka tu akapumzika. Nilichokijua jioni ile ni wepesi wa kifuani ambao sijaupata tena, hata siku niliyonunua lori langu la kwanza.

Maana malori ninayo sasa, matatu, mimi niliyeacha shule kabla ya kujua kugawanya, na Kiswahili hiki nilikiokota ukubwani bandari ya Mombasa. Kipande kile cha siku nzima kina lami, gari hukimaliza kabla chai haijapoa, na ng'ombe hupita wamesimama garini, hawaoni kilima wala kilima hakiwaoni. Madereva wangu ni vijana wa shule. Nikipanda nao, nikiwaonyesha pa kukata kona, hutazamana wakabana vicheko, kwa kuwa tajiri wao huonyesha njia kwa kidole kilichokunjwa kama ndoana. Waache wacheke. Ninavyo vyote kumi.