Swali Lililokuwa Limejibiwa

Nilipohamia Kibaha na mume wangu, aliyekuwa bwana shamba, nilikuwa tayari nafundisha hisabati chuo kikuu Dar es Salaam, na swali langu nilikuwa nalo kichwani. Lilihusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kumi na tatu ni namba tasa, na unaipata ukijumlisha tisa na nne, yaani vipeo vya pili vya tatu na mbili. Saba nayo ni tasa, lakini kwa njia hiyo huipati ng'o. Kwa nini hii ikubali na ile ikatae? Hilo wanahisabati wakubwa walishalijibu zamani. Langu lilikuwa la ukoo huohuo, ila gumu zaidi.

Mkuu wa idara hakulipenda. Zilikuwa zama za Ujamaa, na kila somo liliulizwa linamfaa nini mkulima.

"Mwalimu," aliniambia mbele ya kikao, "taifa linataka takwimu za pamba. Hizi namba zako zitapandwa wapi?"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi Kibaha nimenuna.

Kila asubuhi nilisimama kituoni Kwa Mathias kungoja basi huku nikipanga hatua za uthibitisho kichwani. Petroli ikiadimika, basi halikuja, nami niliketi kwenye kibaraza cha duka nikaandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Chuoni, majarida ya hisabati kutoka nje yaliacha kuja. Fedha za kigeni zilitakiwa kwa dawa na mafuta, na hilo nililielewa. Nisichokifikiria ni kwamba huko nje watu waliendelea na kazi hiyohiyo.

Hatimaye, Jumapili moja ya masika, hatua ya mwisho ilikubali. Mume wangu alikuwa anachambua mchele.

"Imetoka," nikamwambia.

"Imetoka nini?"

"Yote."

Akaweka ungo chini, akanikumbatia kwa mikono yake yenye pumba. Sijawahi kufurahi vile tena.

Miezi michache baadaye alikuja mgeni, profesa kutoka Ulaya, nikaombwa nitoe mhadhara mbele yake. Nilijaza ubao, na muda wa chakula cha mchana ukafika kabla sijamaliza. Alisikiliza kwa adabu, adabu iliyozidi. Wenzangu walipotoka, akabaki.

"Samahani sana," alisema. "Hili limeshathibitishwa. Ni miaka kadhaa sasa."

Nilimwomba anionyeshe. Akachukua chaki, akaendeleza pale nilipoishia, hatua kwa hatua, kwa njia ileile niliyopita mimi. Alipomaliza aliniomba radhi tena, kana kwamba kosa ni lake.

Jumamosi nilikwenda Marui, Kisarawe, kwa mama yangu. Nilimkuta uani akimenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo? Mmefiwa?"

"Hapana. Kazi yangu ile, kumbe mtu mwingine alishaifanya."

"Kakuibia?"

"Hata hanijui, mama."

"Afadhali angekuibia. Ungejua wa kumgombeza." Kisha akanisogezea kisu kingine, tukamenya pamoja. Nililia pale, naye aliendelea kumenya, mara mojamoja akinigusa goti.

Mume wangu alinishauri nihamie wizarani, kwenye takwimu. Nilikataa, bila kuwa na sababu ya kumpa. Mwaka uliofuata niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kanuni ile, nikiitaja kwa jina la yule mtu nisiyemjua. Niliandika ubao mzima bila kutazama popote. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umewezaje kuikariri yote hii?"

"Sikuikariri," nilimjibu. "Nimekaa nayo muda mrefu."

Akaandika, akaniuliza kuhusu hatua ya tatu, nikamweleza.

Baadaye nilianza swali jingine, na hilo ninalo mpaka sasa. Lakini kazi ilibadilika. Zamani hatua ikikubali, moyo ulinidunda kwa furaha. Siku hizi naweka kalamu chini na kujiuliza ni nani, na wapi, aliyeipita njia hii kabla yangu. Rafu za maktaba bado tupu, na hakuna wa kunijibu.