Shokapu za Ndani ya Boksi

Baba yangu, Shaibu Mrisho, aliishi na vitu vibovu muda mrefu mpaka akavizoea. Sisemi hivyo kumsifu. Miaka yote ya foleni na vibali alikuwa dereva wa shirika moja la umma hapa Dodoma, akiendesha magari yaliyofungwa waya mahali pa bolti, na vipande vya kandambili mahali pa bushi. Kila mwaka walimwandikia barua ya pongezi kwa ubunifu wake. Shirika lilipokufa wakubwa waligawana nyumba, na madereva wakaambiwa wanunue mabovu yaliyobaki uani. Baba akapata pikapu, Pijo 404, nyeupe kwa jina tu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotulea pale Ipagala. Alipakia chumvi, sukari na sabuni sokoni Majengo, akapeleka Chemba na Kondoa, na kurudi na alizeti na ulezi, na watu wamekaa juu ya magunia. Asiyeijua barabara ya Kondoa ya miaka ile amshukuru Mungu wake. Ilikuwa makunyanzi matupu, vituta vilivyopangana kama mbavu, kuanzia unapouacha mji hadi unapoziona nyumba za Kondoa, na ukifika mwisho wa safari meno yanakuuma kama umetafuna changarawe.

Fundi wake alikuwa mmoja tu, Obedi, Mgogo wa Mvumi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye ovaroli ya bluu ambayo sijawahi kuiona ikiwa safi. Gereji yake ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya mashine ya kusaga. Babu yake baba alikuja na misafara ya wapagazi kutoka Unyanyembe, akachoka njia, akaoa hapa, akabaki. Kwa hiyo sisi ni Wanyamwezi wa mjini, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara hiyo. Baba na Obedi waliutumia utani huo vilivyo. Sikumbuki hata siku moja waliposalimiana kama watu wazima.

"Mpagazi!" Obedi alikuwa akiita kutoka chini ya gari. "Leo mzigo umeuweka kwenye gari? Kichwa kinauma?"

"Toka huko chini, mla mlenda," baba alikuwa akijibu, akimsuta kwa mboga ya kwao inayoteleza. "Utateleza hadi Mvumi."

Na kila kitu walikisema kwa njia hiyo. Obedi akitaka kumwambia baba kuwa breki zimekwisha, alimuuliza kama ameshaandika wosia. Baba akitaka kumshukuru, alimtukana. Lakini chini ya matusi hayo kulikuwa na fundi wa kweli. Obedi alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wengine waliicheka: gari lolote alilolifungia kifaa kipya, safari ya kwanza alikwenda nalo. Hakutaka malipo kwa hilo. Alisema fundi asiyepanda gari alilolitengeneza ni sawa na mpishi anayekwenda kula kwa jirani.

Mwaka wa tisini Pijo ilichoka shokapu, yale mabomba mafupi yenye mafuta ndani yanayozuia gari lisirukeruke likikanyaga shimo. Zilikuwa zimevuja mpaka zimekauka. Ukikanyaga tuta dogo, pikapu iliendelea kutikisa kichwa hadi tuta la pili. Abiria wa Chemba walianza kumkimbia baba na kupanda lori la mwingine, na mwenye duka aliyekuwa akimpa mizigo ya chumvi alimwambia waziwazi: tengeneza gari, au nimpe mtu mwingine kazi. Baba hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa na watoto watano, mimi Yusra nikiwa mkubwa wao, na miaka hamsini na tatu mwilini.

Hiyo ndiyo miaka ya ruksa. Majengo ilikuwa imebadilika kana kwamba mtu ameikung'uta. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na bibi anayeuza viberiti sasa yalijaa redio, mablanketi, sabuni zinazonukia, na spea za magari ndani ya maboksi yenye picha. Duka moja la spea lilikuwa la Harithi, binamu yake baba, mtoto wa shangazi yake. Vitu vyake vilitoka Dubai, au ndivyo alivyosema.

Siku baba alipokwenda dukani kwake kutafuta shokapu, nilifuatana naye kwa sababu nilikuwa nakwenda sokoni. Obedi alifika na gunia begani. Alilifungua pale barazani, mbele ya watu, akatoa shokapu nne za zamani, zimejaa matope na kutu, alizozipata kwenye gari la mradi wa maji lililogongwa ubavuni. Akaisimamisha moja chini, akaikandamiza kwa mikono miwili. Ilishuka polepole, kwa shida, hadi mishipa ikamtoka shingoni. Alipoiachia ikapanda polepole vilevile.

"Hii bado ina miaka mitano," alisema.

Harithi aliikunjia pua kutu ile. Aliingia ndani, akatoka na maboksi manne mekundu, akayapanga juu ya meza ya kioo. Yalikuwa bado yamefungwa kwa gundi. Nilimwona baba akiyatazama, na hapo nilijua mambo yamekwisha. Mtu ambaye miaka ishirini na mbili alipewa kifaa kilichotoka kwenye gari la marehemu fulani, alichomelewa hiki, akakatiwa kile, amewekewa mbele yake kitu ambacho hakuna mkono uliowahi kukigusa. Alichukua boksi moja akaligeuzageuza. Akaingiza ukucha kwenye gundi, akalifungua taratibu, asilichane. Ndani mlikuwa na shokapu nyeusi inayong'aa, imevikwa nailoni.

"Maisha yangu yote," baba alisema, wala hakuwa akimwambia mtu, "sijawahi kufungua boksi."

Obedi aliichukua shokapu ile akaivua nailoni. Akaisimamisha chini, akaikandamiza kwa kiganja kimoja. Ikazama yote mara moja, na ikabaki imezama. Akaivuta juu, ikaja bila ubishi, kama pampu ya baiskeli iliyokufa. Kila aliyekuwa barazani aliona. Mimi niliona.

Sasa hapo ndipo ninapokasirika hadi leo, na sijui nimkasirikie nani. Angekuwa fundi mwingine angesema, Bwana Shaibu, hizi ni feki, usizifunge. Lakini yule hakuwa Bwana Shaibu kwake, alikuwa mtani. Obedi aliinua shokapu ile juu, akawageukia watu, akafanya sauti ya mchungaji wa kanisani.

"Ndugu zangu, mtazameni Mnyamwezi huyu! Babu yake alibeba pembe za ndovu kichwani, yeye anataka kubebwa na kopo la rangi! Mpagazi, hizi wape watoto wachezee. Ukizifunga hizi, utanizika!"

Baraza zima liliangua kicheko. Harithi alicheka zaidi ya wote. Mimi pia nilicheka, tena nilishika mbavu.

"Nikikuzika," baba alijibu, akifuta machozi ya kicheko, "bei ya mlenda itashuka!"

Wakacheka tena. Na baba akachukua maboksi manne. Nilimwona Obedi akimtazama kidogo, kicheko kimemwisha usoni, akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Halafu akaufunga, akazikusanya shokapu zake za kutu guniani. Labda alidhani ameshasema. Kwa kawaida yao alikuwa ameshasema.

Kesho yake asubuhi alizifunga zile mpya, kwa sababu mwenye gari alikuwa ameamua. Safari ilipoanza, baba alitaka Obedi akae naye mbele, lakini kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga anayekwenda Chemba, kiti wakampa yeye. Obedi akapanda nyuma juu ya magunia ya chumvi. Mke wake Paulina alikuwa amemletea uji kwenye chupa. Alimwambia asiende, mahindi yanangoja kupukuchuliwa. Alimjibu kwamba amefunga kitu kipya, lazima akisikilize.

Hawakufika hata nusu ya njia. Mbele ya Mayamaya, kwenye mteremko wa korongo kavu, makunyanzi yaliikamata Pijo nyuma. Shokapu moja ilikuwa imekatika kwenye bushi yake, nyingine imegeuka bomba tupu. Mkia wa gari ukaanza kuruka kwenda kushoto, baba akarudisha usukani, ukaruka kulia, na pikapu ikalala ubavu. Mama na mtoto wake walitoka wazima. Baba alipasuka nyusi. Obedi walimtoa chini ya chumvi, na hakuwa na jeraha linaloonekana popote. Alikuwa amekufa.

Askari alikuja akapima kwa hatua, akaandika chanzo cha ajali: ubovu wa barabara. Hakuinama kutazama shokapu. Baba, aliyeziona, alijaribu kumwambia, askari akamwambia, mzee, pole, umepata mshtuko, kaa kivulini. Harithi alipopata habari alileta gunia la mchele nyumbani kwa marehemu, akasema Mungu ametaka. Mwaka uliofuata alipandisha ghorofa.

Walimzika Mvumi. Tulikwenda, mimi na mama tukakaa na wanawake karibu na Paulina, ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema neno wala kula. Baba alikaa peke yake pembeni na bandeji yake usoni. Nilijua kinachokuja, nikaomba wasahau. Hawakusahau. Kwenye msiba wetu mtani ana kazi yake: ajifanye marehemu, azuie kaburi, awachekeshe waliofiwa wapate kupumua. Mazishi bila mtani ni mazishi makavu, na watu wa Mvumi walikuwa wamesikia kwa miaka habari za Mnyamwezi wa Obedi.

Kaka yake marehemu, mzee Mazengo, ndiye aliyekuja na ile ovaroli ya bluu mkononi. Paulina alikuwa ameifua. Kwa mara ya kwanza ilikuwa safi.

"Mtani," alisema, "wewe ndiye wa kutusaidia leo. Ivae."

"Mzee, siwezi," baba alisema.

"Huwezi nini? Unataka tumzike kama mgeni?"

Watu wakaanza kumsukuma kidogo kidogo kwa mzaha. Baba akaivaa. Miguu ilikuwa mirefu, ikamfunika viatu, na hapo tayari wengine walianza kutabasamu. Akasogea hadi ukingoni mwa kaburi. Akainama akafanya kama anayekandamiza kitu chini kwa kiganja kimoja. Sijui kama alikusudia. Nadhani mwili wake ulikuwa unarudia ulichokiona.

"Ukizifunga hizi," alisema kwa sauti ya Obedi, ile ya mchungaji, "utanizika."

Kicheko kilipasuka kutoka kila upande. Alikuwa amempata Obedi sawasawa, kichwa kilichoinama upande, kila kitu. Baba akanyanyuka akawatazama kwa hofu, akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana, sikilizeni," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Aliniambia kweli. Aliniambia shokapu mbovu, akanionyesha, nikaona. Nikazichukua kwa ajili ya boksi. Kwa ajili ya boksi tu! Mimi ndiye niliyemuua."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Kwa ajili ya boksi!" mtu mmoja alirudia, akijipiga mapaja. "Mnyamwezi huyu!" Mzee Mazengo alijifuta macho akampiga baba begani, akamwambia, asante sana mtani, umetufaa. Baba alikuwa akilia waziwazi, machozi yanalowesha bandeji, na hilo nalo liliwachekesha, kwa maana mtani mzuri hujua na kulia.

Nilimgeukia Paulina. Nilitaka kumwambia, dada, haigizi, nilikuwepo. Lakini alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika, na nilipochungulia niliona anacheka. Siku tatu, na ndipo sasa anacheka. Akaomba maji akanywa. Mwanamke mmoja akamletea kipande cha kiazi, akala.

Nikanyamaza. Baba naye alimwona. Alimtazama akila hadi kile kiazi kikaisha, kisha akafunga kifungo cha juu cha ovaroli na kuketi kwenye udongo uliofukuliwa, akazuia kaburi kama mtani, hadi wakamwomba aondoke wapate kumshusha marehemu.

Baba aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo na hakuendesha tena gari. Kila mwaka baada ya mavuno Paulina alimtumia mlenda mkavu kwenye kifuko, na salamu kwamba bei haijashuka, kwani utani ule wa barazani ulikuwa umemfikia. Baba aliupokea, akauliza hali ya watoto, akaula wote peke yake.