Mwosha Maiti wa Pongwe na Ndege ya Nairobi

Bi Mastura binti Sadalla ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Pongwe wanapokufa, na hakuna aliyethubutu kumwambia maji yamezidi moto. Mkono wake ulikuwa laini kwa maiti, lakini ulimi wake mzito kwa kuomba. Kumwomba mtu jambo, hilo hakuzaliwa nalo.

Mdogo wake, Shamsiya, aliolewa na Humaid akachukuliwa Nairobi. Tangu usichana dada hao wawili walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Basi asubuhi moja, mwaka wa hamsini na sita, akaja Fanueli, karani wa posta, na simu ya maandishi mkononi. Shamsiya amefariki alfajiri. Humaid anauliza, tukungoje?

Bi Mastura akakaa kizingitini. Hakulia.

"Mjibu wazike. Maiti hangoji siku mbili za treni."

"Bibi, ndege ipo leo. Inaondoka saa nne."

"Mpaka ishuke Korogwe, ishuke Mombo, ishuke Same, ishuke Moshi, nitafika lini?"

Fanueli nusura acheke, akajizuia kwa haya ya msiba. "Ndege haishuki huko, bibi. Inagusa Mombasa tu, halafu Nairobi. Adhuhuri umefika."

"Wewe umeshaipanda?"

"La, sijaipanda."

"Basi usinifundishe njia ya kwa mdogo wangu."

Lakini si njia hasa iliyomkaa rohoni. Kiwanja cha ndege kilikuwa pale pale kwenye barabara ya kwenda mjini. Kwenda kule ni kusimama mbele ya Mzungu wa dirisha la tiketi na kusema tafadhali. Na akikataliwa, Pongwe nzima ingejua kabla ya magharibi. Fanueli akapanda baiskeli yake akaenda kupeleka jibu: zikeni.

Matanga yalipokwisha, Humaid akaja na furushi la nguo za marehemu. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

"Umelala wapi, shemeji? Mombasa?"

"Nimelala kwangu. Alfajiri nimesali Nairobi. Kwa ndege ni mwendo wa saa mbili na nusu tu, pamoja na kushuka Mombasa. Wanasema kwa juu moja kwa moja ni maili mia tatu. Reli ndiyo inayozunguka milima."

Bi Mastura alikuwa akimmiminia kahawa. Ikamwagika mkekani, naye hakuifuta.

"Mlizika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Jibu lako nililipata, lakini nikawaambia watu, huyu namjua, atasema hapana kisha atatokea. Nikawazuia mpaka wakanichoka."



"Nani alimwosha?"

"Mama mmoja wa Kinubi, jirani yetu. Mtu mwema."

"Nywele alizisuka? Mikia mitatu, akailaza nyuma?"

Humaid akainamisha uso. "Mle walikuwa wanawake peke yao, shemeji. Hilo sikulijua."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Zilikuwa nyingi zile, tena kaidi. Mtu wa haraka hazimtii."

Humaid akanywa kahawa yake ikiwa imepoa.

Bi Mastura ameosha wengi baada ya hapo, wa Pongwe na wa mpaka Muheza. Akifika kwenye nywele huwaambia wenzake wampishe. Husuka polepole mno, mpaka wanaume huko nje waanze kukohoa, na hakuna anayethubutu kumharakisha.