Marlene na Saini ya Mwisho

Kristin Oberle asije kwangu kutafuta huruma, sina. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kituo chake cha watoto wenye usonji hapa mjini Ogallala, na nilishuhudia alivyomfanyia Marlene Kucera.

Marlene alikuwa msaidizi kama mimi, dola kumi na tisa kwa saa. Unakaa sakafuni na mtoto, unang'atwa, unatemewa mate, na yote unayaandika. Mchambuzi wa tabia mwenye leseni, yule anayepanga tiba ya mtoto, anakunja elfu themanini kwa mwaka, na upande huu wa Nebraska shule zinamgombania maana wachambuzi hawapatikani. Basi Marlene, miaka arobaini na mitatu, mgongo umekwisha, akasoma shahada ya pili huku anang'atwa. Akatimiza saa elfu mbili za mazoezi. Ikabaki fomu moja, isainiwe na msimamizi wake, yaani Kristin, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa leseni.

"Mwezi ujao, mpenzi," Kristin akasema.

Mwezi ukaja. "Mwezi ujao, mpenzi. Kwanza wewe unisainie mkataba. Miaka mitano hapa hapa, mshahara huu huu."

Marlene akakataa. Mchana ule tulikuwa jikoni tunakula maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, na mimi damu inanichemka.

"Shoga, mtukane basi! Hata moja tu!"

"Nimtukane ili iweje?" Akachovya mkate wake. "Mimi namwandika."

Kristin mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuandika. Karatasi ina safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mtoto akirusha kiatu, unaandika. Ijumaa rundo zima linapelekwa mezani kwa Kristin, naye anasaini chini ya kila karatasi, maana bima hailipi bila saini yake. Kusoma? Thubutu! Alikuwa anasaini huku anaongea na simu.

Marlene akawa anachomeka karatasi yake katikati ya rundo. Mteja: K.O. Kilichotangulia: msaidizi ameomba fomu isainiwe. Alichofanya: amesema mwezi ujao, ametaka mkataba kwanza. Kilichofuata: fomu haikusainiwa. Kristin akasaini. Ijumaa kumi na moja, karatasi kumi na moja, zote amezitia saini kwa mkono wake.

Marlene akazichomoa kwenye mafaili, akazipeleka kwenye bodi ya leseni.

Walipomwita Kristin ajieleze, akasema ni uzushi. Wakamwonyesha saini zake. Nasikia aliomba maji ya kunywa, na mimi niliposikia nilicheka hadi nikashika ukuta. Leseni ikasimamishwa, kituo kikafungwa. Marlene saa zake zikakubaliwa, akafanya mtihani, akafaulu, akafungua kituo chake. Nikamfuata, na sasa na mimi nasomea uchambuzi, Marlene ananisainia fomu ya saa zangu kila mwezi.

Mwaka huu Kristin karuhusiwa kurudi kazini, ila kwa sharti: afanye kazi chini ya mchambuzi mwingine, na kila mwezi huyo amsainie fomu. Akazunguka kote, hakupata mtu. Mwishowe Marlene akamchukua, akaanza kwetu mwezi wa tatu, kwenye sakafu, na watoto. Mwezi ulipoisha akaja ofisini kwa Marlene na fomu yake, nywele zimejaa rangi za watoto za kuchorea. Nilikuwepo, napanga mafaili.

"Marlene, samahani. Ni saini tu."

Marlene akaichukua fomu, akaisoma yote taratibu, akaiweka kwenye droo.

"Mwezi ujao, mpenzi."

Kristin akatoka. Tukamsikia analia kule kwenye makoti. Nilifurahi jamani, sisemi uongo.

Marlene akafungua rundo la fomu za mwezi, akaitafuta yangu, akaisaini huku anaongea na simu.

Nikarudi mezani kwangu. Nikavuta karatasi ya safu tatu, nikaandika tarehe, na pale penye mteja nikaandika: M.K.