Radi ya Saa Nane na Gari la Goodness

Faustina wa Mlandege, mjini Iringa, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Akizidisha chumvi kwenye mboga, atakuambia mboga hiyo ndivyo inavyoliwa kwao. Alisoma darasa la pili tu, huko Kilolo, halafu akatolewa akachunge mbuzi. Herufi moja moja anazitambua, lakini zikishikana zinamkimbia. Hilo hasemi. Ukimletea karatasi atasema miwani iko chumbani, na chumbani hakuna miwani.

Binti yake Goodness anaoka mikate. Mwaka juzi aliuza pikipiki na kiwanja, akanunua gari la umeme, dogo, jeupe, lililokwisha tumika huko Japani. Watu wa mtaani walikuja kuliangalia wakacheka. Jirani mmoja akauliza kama watalikunja na kulitia mfukoni kama simu. Faustina akamjibu, "Wewe lako la petroli liko wapi tulione?"

Soketi ya gari iliwekwa na Vitus, fundi umeme, mtoto wa marehemu Matilda. Faustina na Matilda walikuwa kama ndugu wa tumbo moja, na Vitus alikula ugali wa nyumba hii mpaka akaota ndevu. Ndiyo maana humwita Faustina mama mkubwa. Alichimba, akafukia waya wa ethi ardhini, akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la umeme mpaka ukutani pale gari linapolala. Alipomaliza alimwita Faustina, kwa sababu Goodness mchana hayupo, yuko kwenye kibanda chake cha kuuzia mikate kule chini sokoni, na anayebaki na gari ni mama.

"Mama mkubwa, soketi hii ni ya gari tu. Pasi hapana, jiko hapana. Ekstensheni usiguse kabisa, itayeyuka. Kabla ya kuchomeka, futa kichwa cha waya kwa kitambaa kikavu, vumbi letu hili linaingia kila mahali. Taa ikiwa ya kijani, umeme unaingia. Acha lifike asilimia themanini, si lazima mia. Na lisishuke chini ya ishirini, betri linaumia."

"Nimeelewa."

"Mengine nimeandika hapa. Tusome pamoja?"

"Mimi nimelea watoto sita bila karatasi," Faustina akasema. "Lete."

Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo la majani ya chai.

Sasa, mpangilio wa nyumba ulikuwa hivi. Usiku umeme wote unaliwa na oveni ya mikate, na nyumba haiwezi kubeba oveni na gari kwa pamoja. Kwa hiyo gari linachaji mchana, kuanzia saa sita Goodness akirudi kutoka kwenye mizunguko ya kusambaza mikate, mpaka saa kumi na moja jioni. Alfajiri ya kesho yake linapakiwa mikate linakwenda Kilolo. Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Faustina alichomeka, akafuta kwa kitambaa, akaangalia kijani, akakaa kibarazani kama bwana shamba.

Kisha mvua zikaanza.

Iringa mvua ikija na radi, haiji kwa mzaha. Faustina alikuwa na miaka tisa radi ilipopiga jiko la mama yake, ikamchukua kaka yake Silvester aliyekuwa ameshika sufuria. Tangu siku hiyo ngurumo ikianza anajua la kufanya: funika vioo vyote kwa nguo, mwagia moto maji, kaa mbali na mlango, usishike chuma. Ulipokuja umeme wa waya akaongeza: chomoa kila kitu. Redio, friji, simu. Na mwaka huu akaongeza gari.

Siku ya kwanza ilikuwa saa nane mchana. Milima ilinguruma, Faustina akatoka na mwamvuli, akazima ukutani, akachomoa waya kutoka kwenye pua ya gari. Akatazama vile vioo viwili vya pembeni vilivyojitokeza kama masikio, akaona havifai kuachwa wazi. Akavifunga khanga, kimoja kimoja, kama anafunga vilemba. Mvua ilipokatika ngurumo bado ilikuwa inatembea kwa mbali, akasubiri. Akasubiri mpaka akasikia geti. Ndipo akakimbia, akavua zile khanga, akachomeka. Taa ikawaka kijani. Goodness akaingia, akakuta mambo yako sawa.

"Arobaini na nane tu?" Goodness alisema akiwa amekaa ndani ya gari. "Tangu saa sita?"

Faustina alikuwa anachambua maharage. Angeweza kusema hapo hapo. Lakini wiki ile ile Goodness alikuwa amemcheka kwa kufunika kioo cha kabati, mbele ya wateja, akasema, "Mama na radi zake za Kilolo." Mama mtu mzima kuchekwa mara mbili kwa jambo moja ilikuwa ngumu. Akachambua maharage.

Ikawa hivyo karibu kila siku ya radi. Goodness akaanza kusema betri limechoka. Kisha akasema, labda soketi. Kisha akaacha kusema labda.

Siku moja ya baridi na ukungu alitoka na arobaini na tano, akahesabu kwamba inatosha kwenda na kurudi. Hakuhesabu vilima, wala hita ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Wakati wa kurudi gari lilizima mlimani. Likavutwa mpaka mjini na lori la kabichi, na mchana ule maduka matatu ya mjini, ambayo hupelekewa akirudi, hayakupata mkate.

Duka mojawapo lilikuwa la Dhaval, karibu na soko. Dhaval alikuwa ameleta bajaji za umeme, na alikwisha mwambia Vitus kwamba kuanzia Jumatatu ndiye atakayewawekea wateja soketi majumbani. Vitus alikuwa ameshanunua ngazi mpya. Goodness alipoulizwa mikate iko wapi, akamwaga yote aliyokuwa nayo moyoni: soketi ya Vitus ni ya uongo, inaonyesha kijani na haiingizi kitu. Dhaval akaitikia kwa kichwa tu. Jioni akampigia Vitus, akamwambia asije.

Goodness alileta habari hiyo akiwa anakanda unga. "Nimemwokoa Dhaval," akasema. "Angewatia hasara watu wengi."

Faustina aliondoka jikoni. Alikaa kitandani, akavua kandambili, akazivaa tena. Alimwona Matilda, si kwa ndoto, kwa kukumbuka tu: Matilda yuko hospitali, amemshika kidole, anasema, "Kijana wangu." Hakumaliza maneno mengine. Na Faustina aliitikia. Aliitikia kwa sauti kubwa, hata nesi akageuka.

Siku mbili hakula vizuri. Goodness akimuuliza, anasema ni jino.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Vitus akaja na kipimo chake. Goodness alikuwa nyumbani makusudi, amemwita aje ang'oe kazi yake.

"Kamwene, mama mkubwa."

"Kamwene, mwanangu. Kaa unywe chai."

"Nitakunywa nikimaliza."

Gari lilikuwa linachaji. Vitus akalichomoa, akapima soketi, akapima waya, akarudia. Jasho lilimtoka na hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi. Akachomeka tena. Kijani.

"Dada, soketi ni nzima. Tazama mwenyewe, umeme unaingia."

"Unaingia ukiwa umesimama hapa," Goodness akasema. "Ukiondoka unakwenda kulala. Vitus, mimi nimevutwa na kabichi. Watu wameniimbia njia nzima."

"Labda kuna mtu anachomoa."

"Nani? Mama? Mama anakaa hapa anailinda kama benki."

Vitus alianza kulegeza skrubu ya kwanza ya vibanio vya waya ukutani. Alikuwa anazungusha polepole, kama mtu anayefumua nguo aliyoshona mwenyewe.

Hapo milima ikanguruma.

Mikono ya Faustina ilikuwa mapajani. Aliikalia. Ngurumo ya pili ikaja karibu zaidi, na Goodness akasema, "Tulia mama, ni radi tu." Faustina akaona bisibisi inazunguka. Akaona kwamba akikaa hivi mpaka skrubu ya nne, hakutakuwa na siku nyingine ya kusema.

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili. Akazima ukutani, akachomoa waya kutoka kwenye pua ya gari, akafunga kioo cha kulia, akafunga kioo cha kushoto. Vitus na Goodness walimtazama mpaka akamaliza.

"Hivi," akasema. "Tangu mvua zianze. Halafu nikisikia geti, narudisha."

Mvua ikaanza kupiga bati. Walirudi barazani.

Vitus akaweka bisibisi chini. "Karatasi yangu iko wapi?"

Faustina akaleta kopo la chai. Karatasi ilikuwa imepata rangi ya majani. Vitus akaifungua, akasoma kwa sauti, na sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuchoka tu. "Radi ikianza, zima, chomoa. Ikishapita, chomeka tena, hakikisha kijani. Mwambie Goodness ilikatika kwa muda gani."

"Kumbe ulikuwa sahihi, mama," Goodness akasema taratibu.

"Sikuwa sahihi," Faustina akasema. "Hilo la mwisho, la kukuambia, sikulifanya." Akaigusa ile karatasi. "Sikuisoma. Siwezi kusoma, Vitus. Mama yako alijua."

Vitus alikaza tena ile skrubu, akakusanya vyombo vyake, akaondoka na mvua. Chai ilibaki mezani, imetiwa sukari tatu kama anavyopenda.

Kesho yake Faustina alivaa gauni la kanisani, akaenda na Goodness dukani kwa Dhaval. Kulikuwa na wateja. Alisema yote palepale, mambo ya khanga, ya geti, hata ya darasa la pili. Dhaval alimpa kiti. Akasema, "Bibi, nimekuelewa. Lakini fundi ameshafika kutoka Mbeya, anaitwa Fred, nimempa neno langu. Kazi ikiongezeka nitamwita Vitus. Jina lake kwangu ni safi." Faustina alikaa kwenye kile kiti muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mvua bado zipo. Ngurumo ikianza anazima, anachomoa, anafunika vioo. Ikipita anafuta kichwa cha waya kwa kitambaa kikavu, anachomeka, anangoja kijani, kisha anampigia Goodness kumwambia ilikatika kwa muda gani. Halafu anampigia Vitus. Hakuna aliyemtuma.

"Nimechomoa nusu saa, nimerudisha. Ni kijani."

"Sawa, mama."

Zamani angesema mama mkubwa. Faustina anashika simu sikioni kidogo zaidi, kama kuna neno limechelewa njiani, mpaka simu inakatika yenyewe.