Konokono Alimgusa Neema

Dada yangu Neema alikutwa na kichocho siku moja tu baada ya kuguswa na konokono wa kuigiza. Mpaka leo harufu ya vumbi la chaki hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu hapa Babati, nikiwa nimechanganyikiwa vilevile.

Ilianza kwa hadithi. Alikuja mgeni, binti wa afya mchangamfu tuliyemwita Dada Rehema, akatukalisha kwenye nyasi na kutusimulia habari za konokono wa ziwani aliyepangisha vyumba kwa vijidudu. Vijidudu vikikua huondoka bila kuaga, vinaogelea kutafuta nyumba mpya, na nyumba yenyewe ni mguu wa mtoto aliyeingia majini. Tulicheka sana. Kisha akachora duara kubwa mavumbini, akasema hilo ndilo ziwa. Mwenzetu mmoja akawa konokono, akapakwa unga wa chaki viganjani. Sisi wengine tulitakiwa kukatiza ziwa na ndoo tupu. Ukitoka na alama nyeupe, una kichocho. Unakwenda kwenye benchi, ndiyo hospitali, unapewa pipi, ndiyo dawa.

Neema, aliyenitangulia darasa moja, alitoka na kiganja kizima mgongoni. Mimi nilipita safi, nikamringia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharage.

"Hiyo nini mgongoni?"

"Kichocho," Neema akajibu, pipi ikiwa bado shavuni.

"Nani kasema?"

"Dada wa afya."

"Amekupa nini?"

"Pipi."

Mama akaweka ungo chini. "Siku hizi kichocho kinatibiwa kwa pipi?"

Asubuhi alijifunga kitenge, akampeleka Neema hospitali. Daktari alipouliza dalili, mama alimgeuza mtoto na kumwonyesha sare yenye chaki. Daktari akacheka, lakini akaagiza mkojo upimwe. Mayai ya kichocho yalikuwemo. Neema akapewa vidonge vya kweli, vichungu.

Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba konokono wa Dada Rehema anatambua wagonjwa. Kesho yake kina mama walijaa kwenye geti la shule. Wengine walitaka watoto wao waguswe, wengine waliapa kwamba wao hawatasogea hata karibu na lile duara. Dada Rehema alieleza kuwa ni mchezo mpaka sauti ikamkauka. Jirani yetu, Mama Yohana, alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa Neema je?"

Jioni hiyo Dada Rehema akatufuata nyumbani.

"Shikamoo, Mama Neema. Naomba na huyu mdogo apimwe. Wanachota maji ziwani pamoja."

"Marahaba. Huyu hakuguswa."

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Na mayai ya Neema yalikuwa mchezo?"

Nilikaa mlangoni nikiwatazama, sijui nimwombee nani ashinde. Nilitaka mama awe sahihi, lakini kila nilipokwenda chooni nilichungulia rangi ya mkojo wangu.

Mwishowe mama alikubali, kwa heshima ya mgeni tu. Nilipimwa, hakikuonekana kitu. "Si nilisema," mama akasema, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia lolote kuhusu konokono.

Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba Neema aliugua kwa maji, chaki haikuhusika, na kwamba ile alama ingeweza kumwangukia yeyote kati yetu. Nilielewa pia kwamba kipimo kimoja huweza kuyakosa mayai. Tulikuwa tukichota maji sehemu moja, miguu yetu kwenye tope lilelile. Shule ilipogawa vidonge kwa wanafunzi wote, mama alinibakiza nyumbani, kwa sababu mimi nilikuwa mzima.

Sijapimwa tena tangu siku ile.