Viatu Visivyo na Kamba

Lavonne alikuwa ameacha kazi mara nyingi, na kila mara Orval, mwenye mkahawa, alimlainisha kwa maneno yaleyale: wiki moja tu, nipate mtu. Wiki ikazaa miaka. Miaka ikamkuta bado anabeba sahani katikati ya jangwa la Nevada, miguu imevimba, mgongo unalalamika. Dada yake kule Reno alikuwa amechoka kumwekea chumba.

Ng'ambo ya barabara ulikuwepo mti uliosheheni viatu. Wapita njia hufunga jozi kwa kamba zake, wakairusha mpaka inase: maharusi, wanajeshi waliorudi nyumbani, kila mtu na lake. Ukishavirusha huvifuati. Hilo ndilo lililomvutia Lavonne. Viatu vya kazi vikiwa juu ya mti, Orval angemrudishaje jikoni?

Mchana mmoja, wateja walipopungua, alivuka barabara akainama kuvua vyake. Ndipo akakumbuka kuwa havina kamba. Vilikuwa viatu vya wahudumu, vya kutumbukiza mguu na kukimbia, na mkanda mfupi nyuma ya kisigino. Alikuwa amevitazama miaka yote hiyo bila kuliwaza hilo. Akalia kidogo, kwa uchovu zaidi ya huzuni. Kisha akavua aproni, akang'oa kamba zake kwa meno, akazipitisha kwenye ile mikanda na kukaza fundo.

Orval akatokea mlangoni. "Lavonne, unafanya nini juani?"

"Naacha kazi."

"Tena?"

"Tena."

"Si usubiri hata Ijumaa?"

"Ijumaa ipi, Orval? Maana zimepita nyingi."

Akarusha. Vikamwangukia begani. Akarusha tena, vikagonga tawi vikarudi mchangani. Orval akaegemea mlango, akitazama. Pengine alitumaini mkono ungechoka. Lavonne naye aliliogopa hilohilo, kwa kuwa bega lilikuwa linawaka moto. Akapumzika, akavuta pumzi, akarusha kwa hasira. Vikazunguka tawi, vikaning'inia.

Alirudi mkahawani akirukaruka juu ya lami inayounguza, pekupeku, kuchukua mkoba wake. Lori likaegeshwa nje. Dereva akaingia, akajitupa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Mama, kahawa ipo?"

Mkono wa Lavonne ulikwenda wenyewe kwenye birika. Ulilishika kabisa. Orval, kule kwenye kaunta, akaanza kutabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchosha kuliko kazi yote aliyowahi kufanya pale. Akaliacha birika. Akaenda kwenye meza ya dereva, akavuta kiti cha pili, akaketi.

"Ipo," akasema. "Orval, leta mbili."

Orval akalichukua birika, akamimina. Halafu akaleta, akizimwaga njiani, bila sukari wala kijiko. Kahawa ilikuwa imepoa. Lavonne akainywa yote, miguu yake ikiwa juu ya kiti kingine.